Kipimo kimetoka sawa, mbona mkasi haumwingii?

Swali: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Mwanza. Mume wangu ana miaka 43, ni fundi cherehani. Tulipooana mwaka 2012 alivaa kiatu namba 42, leo namba 45 inambana. Pete yake ya ndoa iko kabatini, haivuki fundo la kidole. Mkasi wake wa kazi nao haumwingii tena dole gumba, imebidi anunue mkubwa. Anakoroma mpaka watoto wanaamka, analowa jasho, mikono inamfa ganzi usiku, na mambo mengine ya nyumbani yamepoa. Kisukari na presha vimemwanza miaka mitatu iliyopita. Juzi wifi yangu amerudi kutoka Muscat baada ya miaka saba, akampita kaka yake stendi bila kumtambua. Yeye ndiye aliyesisitiza tukapime homoni ya ukuaji. Imetoka 2.4 na maabara imeandika ni ya kawaida. Je, basi hana ugonjwa? Na kama anao, ni kweli wanafungua kichwa? Watoto watarithi? Na pete, tuipeleke kwa sonara aipanue?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na huo mkasi, maana umenishtua kuliko karatasi ya maabara. Mtu mzima akinenepa vidole hujaa na kiatu hubana, hilo tunalijua. Lakini kutoka namba 42 hadi 45 baada ya kuvuka miaka 30, pamoja na dole gumba kukataa mkasi alioutumia miaka yote, huo si unene. Huko ni kukua, na mtu wa miaka 43 hatakiwi kukua. Ugonjwa ninaoushuku unaitwa akromegali, nitaueleza baada ya vipimo.

Kipimo mlichofanya hakijaondoa shaka. Hakikukosewa maabara, wala hamkuibiwa hela. Ni kwamba homoni ya ukuaji ikipimwa mara moja tu, saa yoyote, haijibu swali mliloliuliza.

Hebu fikiria maji ya mgao. Kuna saa yanakuja kwa kishindo, kuna saa bomba limekauka kabisa. Homoni ya ukuaji kwa mtu mwenye afya huja hivyohivyo. Inatoka kwa mikupuo, mikubwa zaidi ikiwa usiku kwenye usingizi mzito, na mingine baada ya kazi ngumu, njaa au hofu. Kati ya mkupuo na mkupuo damu inabaki karibu bila kitu. Kwa hiyo 2.4 inaweza kuwa ya mtu mzima wa afya aliyechomwa sindano mkupuo ukiwa unapita. Inaweza pia kuwa ya mgonjwa ambaye bomba lake halifungwi mchana wala usiku, linachuruzika tu muda wote. Namba ni ileile, watu ni wawili tofauti.

Anayetaka kujua nyumba inapata maji kiasi gani hachungulii bombani, anapanda kuangalia simtank. Na mwili una simtank yake. Homoni ya ukuaji ikifika kwenye ini, ini hutengeneza kitu kiitwacho IGF-1, na hicho ndicho hasa kinachokuza mifupa na nyama. IGF-1 haipandi na kushuka kwa saa. Inakaa karibu kiwango kimoja siku nzima, hata mtu akiwa amekula. Hicho ndicho kipimo ninachotaka mkifanye, na mkitamke kwa jina: IGF-1. Mkisema "homoni ya ukuaji" mtarudishwa kule kwa mwanzo. Si kila maabara inacho. Baadhi huchukua damu na kuisafirisha, majibu yakaja baada ya siku kadhaa. Hakikisheni umri wake umeandikwa sawasawa kwenye fomu, kwa sababu kiwango cha kawaida cha kijana wa miaka 20 si cha mtu wa miaka 43. Karatasi isiyoonyesha kiwango kwa umri haisomeki.

Kuna mtego mmoja unaomhusu mumeo moja kwa moja. Kisukari kikiwa juu sana bila kudhibitiwa, IGF-1 hushuka na kudanganya kwamba mambo ni shwari. Hali hiyohiyo huletwa na ugonjwa wa ini na utapiamlo. Kwa hiyo kama sukari yake inacheza kwenye 15 au 20, itulizeni kwanza kwa wiki chache, halafu mpime. Au mpime sasa, na ikitoka sawa mrudie sukari ikishuka. Mimi ningechagua njia ya pili, sipendi kuwaambia watu wasubiri tena.

Mnaweza pia kusikia habari ya kunywa maji ya glukosi gramu 75 kisha kutolewa damu kila nusu saa kwa saa mbili. Kwa mtu mwenye afya, sukari hiyo huifungia homoni ya ukuaji hadi chini ya 1. Kwa mgonjwa haifungi, na wakati mwingine hupanda badala ya kushuka. Ni kipimo kizuri, ila kwa mtu ambaye tayari ana kisukari hakisomeki vizuri, na kumnywesha glukosi yote hiyo si jambo la kufanya kimzaha. Kwa mwenye dalili za wazi kama hizi, IGF-1 iliyovuka kiwango cha juu cha umri wake kwa mara 1.3 au zaidi inatosha kuthibitisha. Baada ya hapo ni picha ya MRI ya pituitari, tezi ya chini ya ubongo inayotoa homoni ya ukuaji. Msianze na MRI kabla ya damu. Vijivimbe vidogo visivyo na madhara huonekana kwenye tezi hiyo kwa watu wengi tu wasioumwa, na mkikiona kimoja mtakosa usingizi bure.

Sasa huo ugonjwa wenyewe, akromegali. Jina hilo alilitoa daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886 jijini Paris, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ncha na kubwa, kwa sababu ncha za mwili ndizo zinazosema kwanza: vidole, nyayo, pua, taya. Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, kwenye kishimo cha mfupa chenye umbo la tandiko la farasi. Katika zaidi ya wagonjwa 95 kwa kila 100, kinachosumbua ni uvimbe mdogo ndani ya tezi hiyo. Uvimbe huo si saratani, ila umegeuka kiwanda kisichojua kufunga. Ingempata akiwa mtoto, kabla mifupa mirefu haijafunga, angerefuka kupita kiasi. Kwa mtu mzima mifupa hiyo haiwezi tena kurefuka, basi homoni inapanua inachoweza: mikono, miguu, taya, paji la uso, ulimi, hata moyo.

Ndiyo maana nikisoma barua yako siuoni mlolongo wa magonjwa matano. Naona ugonjwa mmoja umevaa makoti matano. Homoni ya ukuaji hupingana na insulini, na hapo ndipo kisukari kilipotokea. Mwili unabaki na chumvi na maji kupita kiasi, presha inapanda. Ulimi na nyama za koo zimevimba, ndiko huko kukoroma. Ganzi ya usiku naamini aliambiwa ni kazi ya kushika mkasi na kusukuma kitambaa, na fundi gani angebisha? Lakini kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo mshipa wa fahamu unapita. Nyama za humo zikivimba, mshipa unabanwa. Ikiwa mikono yote miwili inakufa ganzi kwa pamoja, napunguza lawama kwa cherehani. Jasho na ngozi yenye mafuta vinatokana na tezi za ngozi kukua nazo. Mwangalie na meno ya mbele ya chini. Kama yameanza kuachana, au meno ya chini sasa yanatangulia ya juu anapouma, taya limesogea. Mwanya wa kuzaliwa ni uzuri wenye kusifiwa. Mwanya unaokuja ukiwa na miaka 40 ni wa kumwonyesha daktari.

Usijilaumu kwamba wifi yako ameona siku moja kitu ambacho wewe hukukiona miaka yote. Mabadiliko haya huenda taratibu kama ukuta unavyopauka, na anayeshinda na mtu ndiye wa mwisho kuyaona. Kwa kawaida miaka 5 hadi 10 hupita tangu dalili ya kwanza mpaka ugonjwa upewe jina. Sisi madaktari tuna sehemu kubwa ya lawama hiyo: wa kisukari anatibu kisukari, wa mifupa anatibu magoti, wa pua anatibu kukoroma, na hakuna anayemtazama mtu mzima mzima. Ni ugonjwa adimu pia. Wanaogunduliwa upya kila mwaka ni kama watu 3 au 4 katika kila milioni, na daktari anaweza kumaliza utumishi wake ameona mmoja tu au asione kabisa. Kwa hiyo msimsubiri akisie. Chukueni picha ya harusi, picha ya kitambulisho chake cha zamani, leseni, chochote chenye sura na tarehe. Zipangeni kwa miaka na kuziweka mezani kwake. Ninapopewa picha nne za namna hiyo, huwa sihitaji maelezo marefu.

Uliandika pia, kwa mafumbo ya heshima, kwamba "mambo mengine ya nyumbani yamepoa." Nimekuelewa, na usione haya kumwambia daktari. Uvimbe ukikua hubana sehemu nyingine za tezi, na miongoni mwa homoni zinazokatika mapema ni zile zinazoamuru testosteroni. Wakati mwingine uvimbe huohuo hutoa prolaktini, homoni ya maziwa, nayo huzima hamu ya mwanamume. Kwa hiyo damu ikichukuliwa, waombe wapime prolaktini, testosteroni, homoni za tezi ya shingo na kortisoli ya asubuhi. Hajakuchoka, dada. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni homoni tu zimepungua.

Jambo la haraka kuliko yote ni macho. Juu tu ya tezi hiyo mishipa miwili ya macho hukutana na kupishana. Uvimbe ukipanda juu huibana, na mtu hupoteza uoni wa pembeni, kushoto na kulia, huku mbele akiona vizuri. Kwa hiyo hasemi kwamba haoni. Anagonga fremu za milango, au bodaboda inamtokea "ghafla" kila anapovuka barabara. Leo jioni kaa mkabala naye, akutazame puani bila kugeuza macho, kisha lete kidole chako polepole kutoka pembeni, jicho moja baada ya jingine. Kama wewe ungekiona kidole mapema na yeye anakiona kimeshafika karibu na uso, msingoje IGF-1. Nendeni kwa daktari wa macho wiki hii na muombe kipimo cha uwanja wa kuona. Na siku yoyote akipatwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, na kutapika, na macho kufifia, hiyo ni dharura, ni usiku uleule hospitali. Uvimbe unaweza kuvuja damu ndani yake.

Sasa hofu yenu ya kufungua kichwa. Hapana, kwa kawaida fuvu halifunguliwi. Daktari wa upasuaji wa ubongo huingia kupitia tundu za pua, hupita kwenye uwazi wa mfupa ulio nyuma ya pua, na kuufikia uvimbe kutokea chini, akiongozwa na kamera nyembamba. Hakuna kovu usoni, na wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Hapa nchini upasuaji wa ubongo kupitia puani hufanyika MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Ninyi anzieni hospitali ya Bugando hapo Mwanza kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yeye ndiye atakayeandika rufaa, maana kukurupuka kwenda Dar es Salaam bila karatasi ni nauli mbili.

Matokeo yanategemea ukubwa wa uvimbe na mkono wa daktari. Uvimbe ulio chini ya milimita 10, zaidi ya wagonjwa 7 kati ya 10 hupona kwa upasuaji pekee mikononi mwa bingwa mzoefu. Ukivuka hapo, ni karibu nusu. Sitakuficha: wengi wetu tunawapata wagonjwa wakiwa wameshavuka. Kwa hiyo muulizeni daktari bila aibu ni pituitari ngapi anafanya kwa mwaka. Ni swali halali, na bingwa mzuri hatalichukia.

Na mwambieni mtaalamu wa dawa za usingizi mapema, siyo asubuhi ya upasuaji, kwamba ni mgonjwa wa akromegali na anakoroma. Ulimi mkubwa na taya refu hufanya kupitisha mpira wa kupumulia kuwe kazi ngumu. Akijua anajiandaa, asipojua anahangaika, na hapo ndipo hatari ilipo kuliko hata kwenye kisu.

Baada ya upasuaji asipenge kamasi wala kuinama kunyanyua vitu vizito kwa muda atakaopangiwa. Akiona maji yasiyo na rangi yanachuruzika puani anapoinama, au anaonja chumvi kooni, arudi mara moja, huenda ni maji ya ubongo yanavuja. Akianza kukojoa ndoo kwa ndoo na kiu isiyokatika, arudi pia; tezi imeyumba, na dawa yake ipo. Wengine hubaki wakihitaji vidonge vya kortisoli, na hivyo haviachwi hata siku moja kwa kuwa "najisikia vizuri."

IGF-1 hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi. Ikiwa haijashuka, kuna sindano za octreotide au lanreotide, zinazochomwa kila baada ya wiki nne, na zinafanya kazi, ila bei yake inauma. Ulizeni bima yenu mapema inalipa nini, kwa maandishi. Kuna vidonge vya cabergoline, vya bei nafuu zaidi, vinavyowafaa wachache, hasa wale ambao IGF-1 yao imezidi kidogo tu. Kuna sindano ya kila siku, pegvisomant, ambayo huzuia homoni isifanye kazi mwilini badala ya kupunguza uvimbe. Na kuna mionzi, ambayo huchukua miaka kuleta matokeo kamili. Mara nyingi tunaiweka mwisho. Pamoja na haya atahitaji eko ya moyo na kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera, kwa sababu vinyama vya utumbo huwatokea zaidi wagonjwa hawa. Ugonjwa ukiachwa, hatari ya kufa mapema huwa karibu mara mbili ya watu wa rika lake, zaidi kwa sababu ya moyo. Homoni ikirudishwa kwenye kiwango, hatari hiyo hushuka hadi kukaribia ya watu wengine. Hiyo ndiyo sababu ninawaharakisha.

Watoto: karibu kila mara akromegali hairithiwi. Chini ya wagonjwa 5 katika 100 hutoka kwenye familia zenye kasoro ya jeni. Kama hakuna ndugu mwingine aliyewahi kuwa na uvimbe wa pituitari, na hakuna mtoto anayerefuka kupita rika lake kwa kasi ya kushangaza, waacheni wasome kwa amani.

Na kwa kuwa najua majirani watasema, si uchawi, na si kuku wa kisasa. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiila, tumbo linaimeng'enya kama maharage. Insulini ni hivyohivyo, ndiyo maana inachomwa kwa sindano na haimezwi.

Mtu akipona, nini kinarudi? Jasho hukauka mapema, wengine ndani ya wiki. Uvimbe wa nyama za mikono na uso hupungua, ganzi hulegea, kukoroma hupungua, na kisukari mara nyingi huwa chepesi. Ndiyo maana dozi zake za sukari lazima ziangaliwe upya baada ya upasuaji, zisije zikamshusha mno. Mfupa uliokwishaongezeka haurudi. Taya litabaki taya, ingawa linaweza kurekebishwa baadaye, na kiatu huenda kikashuka namba moja, lakini namba 42 msiitegemee.

Kwa hiyo pete msiipeleke kwa sonara sasa. Mkiipanua leo, baada ya matibabu itamdondoka kisimani. Mwache aijaribu kila mwezi, kidole kilekile, asubuhi, kisha aandike imefika wapi: kabla ya fundo, juu ya fundo, imepita. Akija kliniki aje na hayo maandishi, nitayasoma pamoja na IGF-1. Na ule mkasi wa zamani asimpe mwanafunzi wake.